Kitabu Alichosaini Mheshimiwa

Kitendawili, wewe unayesoma! Usiitike kwa kunong'ona, itika kama mtu aliyeshiba. Haya: nina mwanangu, siku anapozaliwa ana baba kumi na wawili, wote wamevaa suti, siku akiugua hana hata mjomba wa kumshika mkono. Ni nani huyo?

Umeshindwa? Mji wako sitaki, baki nao, utakufaa. Jibu ni jengo la serikali. Na si serikali yetu, naapa. Yetu mnaijua, haina kasoro, na mimi ni mzee, nataka kufa kitandani kwangu. Nasema habari za nchi moja ya mbali nilikoolewa nikiwa na miaka kumi na tisa, nikakaa huko arobaini na miwili. Jina lake nimelisahau kwa makusudi. Ukiitafuta kwenye ramani ya dunia hutaipata, maana ramani yao iko mezani kwa waziri, inasubiri sahihi.

Hadithi yenyewe nimeshawasimulia wajukuu mara nyingi, nao hucheka mpaka wakashika mbavu. Lakini kuna mahali huwa napaharakisha, kama mtu apitaye mbele ya nyumba ya aliyemkosea. Leo nitatembea taratibu.

*

Serikali ya huko iliamua kujenga nyumba ya wazazi katika kata yetu ya Kiwindi. Ilikuwa inahitajika, usione. Wanawake wa Kiwindi walikuwa wakijifungulia katika banda la kupimia pamba. Mtoto akitoka anawekwa kwenye mizani ile ile, na karani wa pamba, kwa mazoea, anaandika uzito na daraja. Mtoto wa jirani yangu aliandikwa daraja la pili. Leo ni mtu mzima na bado ana kinyongo.

Sasa katika nchi ile, ratiba ya ujenzi huandikwa kutoka chini kwenda juu. Kwanza inapangwa siku ya kukata utepe. Halafu rangi ya utepe. Halafu nani atashika sahani ya mkasi, na nani atasimama nyuma ya anayeshika sahani. Msingi wa nyumba huja mwisho kabisa, kama karatasi imebaki na nafasi. Walikuwa na Idara nzima ya Utepe, ina mkurugenzi na manaibu watatu.

Msanifu wa jengo letu alikuwa binti mmoja, Zawena Kilumbe. Yeye ndiye aliyechora ramani na ndiye aliyewekwa kusimamia kazi, ili kinachojengwa kifanane na kilichochorwa. Mwembamba, mwenye haraka, penseli imechomekwa kwenye nywele. Muhuri wake wa kazi, ambao aliusomea miaka kumi na moja, aliufunga kwenye kitambaa cheupe kama watu wanavyofunga dawa ya mtoto. Alichora vitanda kumi na viwili, dirisha kwa kila kitanda, na mlangoni hakuweka ngazi hata moja. Aliweka mteremko laini.

"Bibi," aliniambia, "mwenye uchungu hapandishwi ngazi."

"Nani amekufundisha hayo, na wewe hujazaa?"

"Mama yangu alinizaa juu ya ghorofa, Bibi. Mpaka leo ananidai."

Mimi nilikuwa mpika chai wa saiti. Na usidhani nilikuwa mtu wa kupita tu. Nilikuwemo mkatabani. Ukurasa wa tisini na moja, orodha ya vifaa vya kazi: toroli, sita, ngazi ya mbao, mbili, mpika chai, mmoja, beleshi, kumi na nane. Bi Zawena aliandika barua kuomba nihamishiwe ukurasa wa watu. Wizara ikajibu kwamba kuhamisha kifaa kunahitaji kutangaza zabuni upya, na huenda akashinda mpika chai mwingine. Nikamwambia aniache hapo hapo, jirani na beleshi.

Yule binti alinipenda. Wakati wa chai ya saa nne alikuwa akikaa jikoni kwangu, ananieleza mambo ya kazi yake kama vile na mimi nitafanya mtihani.

"Mkataba, Bibi, ni kama maneno ya posa. Kabla bibi harusi hajatoka, mnakaa wazee wa pande mbili: nani analeta nini, lini, na mambo yakiharibika nani anarudisha ng'ombe. Mwenye mradi ni serikali. Anayejenga ni mkandarasi, Bwana Tindwa. Mimi ni mshenga. Nakaa katikati, naangalia asidhulumiwe huyu wala yule."

"Mshenga ndiye hupigwa harusi ikivunjika."

"Ndiyo maana nasoma kila ukurasa," akacheka.

Na kweli, ule mkataba ulikuwa na kurasa mia mbili na kumi na mbili, wote waliusaini, yeye peke yake ndiye aliyeusoma. Alinisisitizia kifungu kimoja, cha kumi na saba. Kilisema hivi: jengo halibadilishwi kwa mdomo. Mwenye mradi akitaka kubadilisha kitu, ataandika katika Kitabu cha Maagizo na kutia sahihi. Na kilichoandikwa humo mkandarasi atakitekeleza bila kuuliza.

"Kwa hiyo kitabu hicho, Bibi, ni moto. Hakiguswi na mgeni."

Alinunua kaunta buku mbili duka moja, nyeusi zote, mgongo mwekundu. Moja akaifanya Kitabu cha Maagizo. Ya pili akaifanya Kitabu cha Wageni, maana viongozi wa nchi ile hawawezi kuona mchanga uliorundikwa bila kusaini mahali na kuandika maoni. Akabandika lebo, akaviweka rafuni, jikoni kwangu, kwa sababu ndicho chumba pekee chenye kufuli.

*

Hapa ndipo ninapopaharakishaga.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Lakini la nne la zamani, lenye fimbo. Kusoma najua, kuandika najua. Watu wa saiti walidhani sijui, na mimi sikuwasahihisha. Kuna raha yake. Asiyejua kusoma huachiwa barua wazi mezani. Nilijua habari za mashemeji wa Bwana Tindwa kabla yeye hajawajibu.

Na mimi ugonjwa wangu ni vitendawili. Miezi minne ikapita hakuna mgeni. Kile Kitabu cha Wageni kimekaa, kurasa nyeupe pee, na mimi nina kalamu na maji yanachelewa kuchemka. Nikaandika kimoja. Kesho yake viwili. Mwezi wa tano nilikuwa na sitini na tatu, kwa hati nzuri, nimevipanga kwa vyeo. *Mdomo kauacha mjini, masikio kayaacha kijijini: mbunge.* *Tumbo limefika, kichwa kiko njiani: Mheshimiwa Waziri Shangwe.* Hicho cha pili nilikipenda, nikakipigia mstari.

Basi siku moja Bi Zawena aliitwa makao makuu, kuidhinisha mchoro wa jukwaa la kukatia utepe. Alikaa huko wiki sita, kwa sababu jukwaa lilikuwa kubwa kuliko wodi. Siku ya tatu ya safari yake, ving'ora. Magari kumi na manne. Akashuka Mheshimiwa Fikirini Shangwe, Waziri wa Majengo, Vivuli na Maendeleo ya Kuonekana. Tumbo lilishuka kwanza, kama nilivyoandika.

Akapanda juu ya rundo la kokoto, akahutubia mafundi tisa na mbuzi wa jirani.

"Ndugu wananchi! Zamani mwanamke wa Kiwindi alizaa kama mtu anayejificha. Leo serikali inasema: zaa hadharani! Zaa kwa kujiamini! Kila kitanda mnachokiona hapa..."

"Bado hakuna vitanda, Mheshimiwa," Bwana Tindwa akanong'ona.

"Kila kitanda msichokiona hapa ni ushahidi kwamba kinakuja!"

Makofi. Kisha msaidizi wake akaja mbio jikoni, vidole vinalia. "Mama, kitabu! Kitabu cha kusaini! Upesi!"

Nikachukua Kitabu cha Wageni. Nikafungua ili nitafute ukurasa mweupe, na nilichokutana nacho ni kile chenye mstari chini. Nikageuza: cha Mkuu wa Mkoa. Nikageuza tena: cha Rais mwenyewe, na mke wake. Nchi ile watu walikuwa wanafungwa kwa kupiga chafya wakati wa wimbo wa taifa.

"Mama!"

Kitabu cha pili kilikuwa pale pale. Lebo yake ilikuwa na maneno saba, kwa mwandiko wa yule binti: KITABU CHA MAAGIZO. MGENI ASIANDIKE HUMU KAMWE. Nikaisoma yote. Nasema nikaisoma yote, mpaka nukta. Halafu nikafungua katikati, nikakunja jalada nyuma ili lebo ifichike, nikaweka kalamu juu, nikampa.

Kile cha vitendawili nikakificha ndani ya debe la unga.

Mheshimiwa akaandika: *Jengo zuri. Lakini liinuliwe, lionekane toka barabara kuu.* Akasaini sahihi ndefu kama nyoka aliyekanyagwa, akaondoka na ving'ora vyake.

Jioni hiyo hiyo Bwana Tindwa akakiona. Hakuwa mtu mbaya, Bwana Tindwa. Alikuwa mtiifu, na kila agizo jipya lilikuwa na ulaji wake. Akasoma, akapiga kofi moja la furaha. "Mwenye mradi kasema! Kifungu cha kumi na saba!"

Maneno nilikuwa nayo mdomoni. *Baba, hicho nilikosea kukitoa.* Maneno manne tu. Yakafika kwenye meno, yakageuka.

"Sukari ngapi, baba?" nikamuuliza.

*

Utasema: Bibi, si ungerekebisha kesho yake? Ndivyo nilivyofikiri. Nikanyofoa kurasa za vitendawili, nikazifunga kwenye kitambaa, Kitabu cha Wageni kikawa safi kama siku ya kwanza. Alipokuja Mkuu wa Mkoa nikamletea hicho.

Akakitazama kama nimemletea chai baridi. "Mheshimiwa Waziri alisaini hiki?"

"La, baba. Yeye alisaini kingine."

"Basi niletee alichosaini Mheshimiwa."

Hiyo ndiyo desturi ya nchi ile. Hakuna kiongozi anayekubali kusaini karatasi isiyo na mkubwa juu yake. Kila aliyekuja alitaka sahihi yake ikae chini ya ile ya Waziri, karibu iwezekanavyo, wengine waliandika pembeni kabisa ili waiguse. Nikajaribu kusema kitabu kimelowa. Wakakausha.

Mkuu wa Mkoa aliandika: *Mlango utazame mashariki, kama taifa linavyotazama mapambazuko.* Mlango ukang'olewa upande wa barabara ukawekwa upande wa mashariki, kwenye korongo. Mbunge akaandika: *Pangependeza chemchemi.* Mabomba ya wodi yakakatwa yakapelekwa kwenye chemchemi. Mkurugenzi wa Idara ya Utepe, mtu mnyamavu, akaandika jina na cheo, na kwenye sehemu ya maoni akajaza: *Hakuna.* Bwana Tindwa akasimamisha kazi siku kumi na moja, akitekeleza hakuna.

Na jengo likaenda juu. Liliinuliwa juu ya nguzo, mita tano, mpaka madereva wa malori barabara kuu wakawa wanalipigia honi. Ule mteremko laini haungeweza kufika huko juu hata ungeanzia kata ya pili. Wakajenga ngazi. Nilizihesabu mwenyewe nikipeleka chai: thelathini na moja.

Bi Zawena aliporudi na mchoro wa jukwaa kwapani, alishuka kwenye gari, akatazama chini mahali jengo lilipopaswa kuwa, kisha akatazama juu.

"Bwana Tindwa," akasema polepole, "hiki nini?"

"Ni utii, Bi Zawena." Akamfungulia kitabu.

Akasoma amesimama. Alipofika mwisho akaja jikoni, akakaa kwenye kigoda chake. Penseli ilianguka toka kwenye nywele na hakuiokota.

"Bibi, nani aliwapa hiki?"

"Mwanangu, watu walikuwa wengi," nikasema. "Kunywa chai."

Akanywa. Hakuuliza tena. Aliandika barua kumi na sita kuomba jengo lishushwe. Kumi na tano hazikujibiwa. Ya kumi na sita ilijibiwa hivi: *Jengo haliwezi kushushwa kwa kuwa tayari limeshaonekana.*

*

Siku ya utepe ikafika, maana siku ya utepe huwa haichelewi. Serikali ilitaka mzazi wa kwanza apande ngazi mbele ya kamera za televisheni wakati bendi inapiga. Wakamchagua Siwema, mke wa fundi seremala, ambaye siku zake zilikuwa zimetimia. Akavalishwa vitenge vyenye picha ya Waziri tumboni.

Ngazi ya kumi alisimama. Bendi ikaongeza kasi. Ngazi ya kumi na tano akashika ukuta. Waziri, aliyekuwa juu na mkasi, akampungia: "Panda, mama! Maendeleo yako huku!" Ngazi ya kumi na tisa Siwema alikaa chini akanishika upindo wa kanga, mimi niliyekuwa nikipita na sinia la vikombe, akasema, "Bibi, mtoto anatoka."

Nikaweka sinia. Tukazungushiwa kanga na wanawake wenzetu, mtoto akazaliwa hapo, ngazi ya kumi na tisa, taifa zima likitazama. Wa kike. Alilia vizuri, kwa hasira. Mama yake alimwita Ngazi, na serikali ikapiga marufuku aitwe hivyo hadharani.

Siwema alinitazama, jasho linamtiririka, akaniambia, "Asante, Bibi. Mungu akulipe." Asante ile niliimeza kama mchanga. Bado nausikia kwenye meno.

*

Katika nchi ile, kosa haliruhusiwi kukaa bila mwenyewe zaidi ya siku arobaini. Likizidi hapo huanza kupanda lenyewe kwenda kwa wakubwa, na hilo ni kinyume cha katiba. Kwa hiyo ikaundwa Tume. Ikakaa mle mle wodini, kwa kuwa hapakuwa na mgonjwa aliyeweza kufika. Wajumbe wenyewe walibebwa na askari kwenye viti.

Waziri Shangwe alitoa ushahidi kwa saa mbili. "Mimi niliandika maoni! Maoni ya Waziri ni kama manukato: hupuliziwa, hayajengwi!"

Bwana Tindwa alitumia dakika moja. "Nilitekeleza kifungu cha kumi na saba. Kama kuna mtu anataka kunishitaki kwa utii, asimame." Hakuna aliyesimama. Walioketi vibaya wakaketi vizuri.

Ikabaki Bi Zawena. Kwa sheria za huko, kosa hukabidhiwa mtu wa chini kabisa mwenye muhuri. Mafundi hawakuwa na muhuri. Adhabu ilisomwa kabla ya hukumu ili kuokoa muda: muhuri wake utavunjwa kwa nyundo mbele ya wananchi, na yeye atakwenda miaka mitano Gereza la Wataalamu, ambako wasanifu hupewa kazi ya kuchora upanuzi wa gereza.

Mwenyekiti alikuwa jaji mstaafu, Mzee Lubasi, mtu mwenye masikio makubwa na usingizi mwingi. Siku hiyo, Jumatatu, usingizi ulimkosa. Akavua miwani.

"Kitabu hakina miguu," akasema. "Nani alikiweka mbele ya Mheshimiwa Waziri?"

Akawageukia mafundi.

"Nani hutoa vitabu?"

"Mpika chai," mtu akasema.

Nikaitwa. Nikasimama na aproni yangu. Wodi nzima ikanitazama.

"Bibi," Mzee Lubasi akauliza, si kwa ukali, "unajua kusoma?"

Wajukuu huwa nawaambia hapa kwamba nilitoa jibu la kijanja. Ni kweli nililitoa. Nilisema, "Mheshimiwa, kibogoyo haulizwi utamu wa muwa." Watu wakacheka. Na kabla kicheko hakijaisha, Bi Zawena alikuwa ameshasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mwacheni bibi wa watu. Hajui kusoma. Aliona vitabu viwili vinavyofanana. Mimi ndiye niliyevinunua vikifanana, mimi ndiye niliyeviweka rafu moja. Kosa ni langu."

Mzee Lubasi aliendelea kunitazama. "Nimemuuliza yeye."

Karani wa Tume akainuka na mkataba. "Mheshimiwa, kwa mujibu wa ukurasa wa tisini na moja huyu ni kifaa. Swali lililoulizwa kifaa halijibiwi na halifutwi. Huahirishwa."

"Basi liahirishwe hadi Alhamisi," akasema, akavaa miwani.

Saa kumi Bi Zawena alikuja jikoni. Nilikuwa naosha vikombe, kimoja nimekiosha mara tatu.

"Usiogope, Bibi," akasema. "Nimeshakukinga. Mtu ambaye hakusoma hawezi kulaumiwa kwa kilichoandikwa. Hata sheria yao inasema hivyo."

"Na wewe je, mwanangu?"

"Mimi nilisoma." Akajaribu kutabasamu. "Ulisema mshenga ndiye hupigwa. Ningekusikiliza." Kisha akakiona kigoda chake, akakaa, akaweka kichwa begani kwangu, mimi na mikono yangu yenye povu. Nikaiacha mikono hewani. Niliona haya kumgusa.

*

Jumatano asubuhi akaja Bwana Tindwa, nyuma ya jikoni, anachekacheka.

"Bibi yangu, shikamoo. Nimekuletea zawadi ya kukufaa uzeeni." Akatoa bahasha. "Wakubwa wamefurahi ulivyojibu. Kesho ukiulizwa tena, usijisumbue na muwa. Onyesha hii tu. Na baada ya hapo, chai ya wizara nzima, ghorofa sita, ni yako."

"Ni nini hiyo, baba?"

"Cheti. Weka dole gumba hapa tu."

Akaninyooshea. Alikuwa amekishika juu chini. Na mkono wangu, mkono huu mpumbavu uliochapwa darasa la kwanza mpaka la nne, ukakigeuza. Nikaona maandishi mazuri ya dhahabu: *Cheti cha Kutojua Kusoma. Kimetolewa kwa mwenye nacho baada ya kuthibitishwa.*

Bwana Tindwa aliutazama mkono wangu. Kicheko kikamwishia polepole, kama hewa kwenye tairi.

"Aa, Bibi," akasema. "Kumbe."

"Kumbe," nikasema.

"Sasa wewe ndiye mwenye akili kuliko wote hapa." Akapunguza sauti. "Weka dole, Bibi. Yule binti ni kijana. Miaka mitano atatoka. Wewe ukiingia, hutoki."

Alisema kweli, hilo lazima nilikubali. Sikutia dole gumba. Wala sikumrudishia cheti. Nilikiweka kwenye debe la unga na nikakaa siku nzima nalitazama debe.

*

Alhamisi nyundo ililetwa juu ya mto mwekundu. Muhuri wa Bi Zawena ulitolewa kwenye kitambaa cheupe, ukawekwa juu ya jiwe. Ulikuwa mdogo, mpini wake umelainika kwa kushikwa. Waziri Shangwe alikuwa ameomba heshima ya kupiga nyundo mwenyewe. Akakunja mikono ya shati kwa ajili ya kamera.

Mzee Lubasi akauliza, kwa sauti ya mtu anayemaliza sala, kama kuna lolote lililobaki.

Nikasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, lipo swali langu la Jumatatu."

"Kifaa kimesimama," karani akatangaza.

"Kikae!" Waziri akasema, nyundo mkononi.

Bi Zawena aligeuka. Alinitikisia kichwa, haraka haraka, kama unavyomkataza mtoto asikaribie kisima. "Bibi, kaa," akasema. "Nakuomba, Bibi. Kaa chini."

Nilikuwa na zile kurasa za vitendawili sitini na tatu kwenye kitambaa, kwapani. Nikazitoa, nikaziweka juu ya jiwe, kando ya muhuri, ili yeyote atakaye aone mwandiko ni wa nani. Upepo wa huko juu ukafunua wa kwanza, na Waziri Shangwe akainama akaanza kusoma.

"Bibi," Mzee Lubasi akasema, na safari hii alikuwa ameinama mbele kabisa, "nilikuuliza kama unajua kusoma."

Sikumtazama yeye. Nilimtazama yule binti.

"Najua, mwanangu," nikasema. "Lebo yako niliisoma yote, ndipo nikakitoa."